Sauti ya Pili Haikufika Kipese

Kavugho aliposhuka kwenye ndege ndogo pale uwanja wa Rughenda mwaka jana, nywele zimemwisha weusi na goti moja limeanza kukataa kazi, sikuwa na hakika kama ni yeye mpaka aliponuna. Kulikuwa na vijana waliokuja kumpokea bibi harusi, wamefunga spika juu ya gari, inalia mpaka masikio yanawasha. Kabla hata ya kunisalimia, aligeuza sikio upande ule akakunja uso. "Masika, hii kitu haiko na basse, sauti ya chini, hata kidogo. Banapiga makelele tu." Hapo nikamkumbatia, maana hakuna mtu mwingine duniani anayeweza kukaa Kisangani miaka yote ile, akafuata mume, akazaa, akazika, kisha akarudi Butembo kuja kulalamikia spika ya watu asiowajua. Nilimpeleka nyumbani nikampikia bugali na sombe, majani ya muhogo, na samaki wa ziwani niliyekuwa nimemficha wajukuu wasimwone. Tulipokwisha kunawa mikono alinitazama akasema, "Ile préampli ya Beni, iliishia wapi?" Nikamwambia ilikufa kifo chema, kwa uzee, kama tutakavyokufa sisi Mungu akipenda. Tukacheka, halafu tukakaa tukiukumbuka mwaka ule mpaka chai ikapoa.

Ilikuwa vita ya pili ya Kongo. Mimi na yeye tulipanga chumba kimoja, mimi Mprotestanti, yeye Mkatoliki, na majirani walipenda kutuuliza eti kabla ya kula nani anaomba. Aliyekuwa na njaa kidogo ndiye aliyeomba, kwa kuwa mwenye njaa nyingi angefupisha mno. Pazia la kitenge liligawa chumba. Upande wangu kulikuwa na cherehani na vipande vya nguo za watu, upande wake nyaya, redio zilizopasuliwa matumbo, na mashine za watu waliokuwa wamekata tamaa nazo. Butembo haikuwa na umeme wa mji. Mwenye uwezo aliwasha groupe yake, jenereta, na asiyekuwa nao alingoja jua. Kwa hiyo Kavugho alipasha chuma chake cha kulehemu kwenye mbabula ileile ya makaa tuliyopikia maharage. Nimekula maharage yenye harufu ya risasi iliyoyeyuka kiasi ambacho mpaka leo, nikipita mbele ya fundi wa redio, tumbo linaniuma njaa. Mchana nilishona, jioni nilienda mazoezi ya kwaya, naye alipanda kila siku kwenye redio ya kilimani, alikokuwa fundi, mwanamke peke yake kati ya wanaume waliomwita "chef", yaani mkubwa, kwa mzaha, kisha baadaye bila mzaha.

Mambo yalianza sokoni. Nilikuwa nachagua vitunguu, na mama mmoja wa Kipese, kijijini kwetu milimani, niliyemfahamu tangu utoto, Mama Kahindo, akainua uso, akaniona, akaachia kikapu. Vitunguu vilibingirika mpaka kwenye mtaro. "Yesu wangu! Masika! Si tulishakulilia weye? Matanga yako tulishaimaliza!" Nilidhani ana homa. Alinishika mikono, akaipapasa, akanishika na mashavu, kisha akakaa chini akanieleza. Gari lilikuwa limepigwa risasi kwenye njia ya Beni, na habari iliyofika Kipese ilikuwa kwamba amekufa Masika, mwanakwaya wa Butembo. Sasa, kwetu sisi Wanande jina hulichagui, unalikuta likikungoja: msichana wa kwanza ni Masika, mvulana wa kwanza ni Paluku, na kuendelea hivyo. Ukisimama mlangoni mwa kanisa lolote la Butembo ukaita "Masika," nusu ya sauti ya kwanza watageuka. Masika mwanakwaya alikuwa amekufa kweli, maskini, Mungu amlaze pema. Ila hakuwa mimi. Lakini mama yangu kule milimani alikuwa amenyoa nywele, amepokea watu, amegawa nguo zangu.

Njia ya Lubero, ya kwenda Kipese, ilikuwa imefungwa na wenye bunduki wa pande mbili. Mama Kahindo na wenzake walipita vichochoro vya milimani na mizigo mgongoni, lakini msichana wa umri wangu hakupita, na aliyejaribu alijutia. Barua nazo walizikataa kabisa: ukikutwa na karatasi kwenye kizuizi, wewe ni mpelelezi. Basi nikampa Mama Kahindo ujumbe wa mdomo. Aliporudi sokoni na mzigo mwingine, alinitafuta akiwa na uso wa mtu aliyeshindwa. "Mama yako hapana sadiki. Anasema batu banakuya na uongo ya kutuliza roho ya bafiwa. Jirani yake balimwambia mutoto iko Kampala, kumbe alishakufaka zamani. Anasema atasadiki sikio yake tu." Sikumlaumu mama. Angekuwa mtu wa kusadiki kila mdomo unaopita, tusingekuwa na shamba mpaka leo. Lakini usiku nilikuwa nikishtuka na kujishika mikono, kama Mama Kahindo alivyonishika, kuona kama nipo.

Kavugho alikuwa akimenya viazi nilipomsimulia. Aliendelea kumenya, kisha akasema, "Kama anataka sikio, tumupe ya kusikia. Kwenye iko, kuko redio?" Jirani wa mama alikuwa na redio, na redio ya kilimani ilisikika Kipese vizuri kwa kuwa Kipese nako ni juu. Tatizo ni kwamba wakubwa wa wakati ule walikuwa wamekataza matangazo ya watu binafsi, wakihofu mafumbo. Huwezi kusema "Masika anamsalimu mama yake." Ibada na nyimbo ziliruhusiwa. Sasa, kwaya yetu ilikuwa na wimbo mmoja wa mavuno, wa Kinande, ambao katikati yake sauti zote hunyamaza na mwimbaji mmoja wa sauti ya pili hubaki peke yake, chini kabisa, mahali ambapo wanawake wengi hawafiki. Nilifika. Nina sauti nzito; shuleni waliniita Kambale, jina la mvulana, na nilipigana na watu kwa sababu hiyo. Sehemu ile mama yangu alikuwa akiiimba kabla yangu, na ndiye aliyenipa. Nikajua, na Kavugho akajua, kwamba mama akiisikia hiyo, hahitaji tangazo, maana kwaya yetu haikuwa imewahi kurekodiwa.

Studio ya redio ilikuwa chumba kidogo kilichobandikwa matrei ya mayai ukutani na magodoro yaliyochoka. Mikrofoni nzuri iliyokuwapo ilikuwa imeazimwa na wakubwa kwa mkutano wao wa hadhara, na kuazimwa kule mnakujua. Ilibaki moja ya kizamani, ya kristali, yenye umbo la yai. Ila kulikuwa na kitu kipya: Papa Kambale, shemasi wetu, mfanyabiashara wa vitambaa, alikuwa ameiletea redio préampli kutoka Dubai. Préampli ni kile kisanduku kinachokaa kati ya mikrofoni na mashine kubwa, kinaipokea sauti ikiwa changa na kuitia nguvu kabla haijaendelea na safari. Hiki cha Papa Kambale kilikuwa na vifundo vingi vya kuzungusha na taa za kijani na nyekundu zilizopanda na kushuka ukiongea. Siku kilipozinduliwa alikiombea yeye mwenyewe, akakohoa mbele ya mikrofoni kwa makusudi, taa zikaruka, waumini wakapiga makofi. Kavugho naye alikipenda; usije ukadhani alijua zaidi yetu. Alisema kina nguvu kuliko vyote alivyowahi kushika. Tukaimba, akarekodi kwenye kaseti, na Jumapili mchana wimbo ukapaa hewani. Nilikaa chumbani nikiusikiliza kwenye redio ndogo, sauti ya kwanza ikilia kama filimbi. Ilipofika sehemu yangu nilisikia kitu chembamba, nikadhani ni redio yetu yenye spika ya upana wa kiganja. Nililala vizuri siku ile.

Mama Kahindo alipokuja hakuniangalia usoni. Alipanga vitunguu vyake kwanza, kimoja kimoja. "Alisikia," akasema. "Alisikia kwaya yenu, akaijua. Ilipofika mahali yako akaanza kulia upya. Akasema, donc, basi ni kweli, ona, bameshaweka mungine mahali yake. Kasichana ka sauti ya kuku." Nimepata habari mbaya nyingi maishani, lakini hiyo ndiyo iliyonikalisha chini ya meza ya watu, kwenye matope ya soko, nikalia bila kujali sketi. Nilikuwa nimemtumia mama yangu ushahidi wa kifo changu, tena kwa mdomo wangu mwenyewe. Kavugho aliponisikia hakunibembeleza. Alivaa viatu akapanda kilimani, akarudi kaseti mkononi, akaiweka kwenye mashine nzuri ya jirani, na tukasikiliza pamoja. Mama alikuwa na haki. Sauti iliyotoka ilikuwa na kila kitu changu isipokuwa uzito. S na t zilikuwepo zote, zimechongoka, na chini yake patupu.

Siku zilizofuata Kavugho hakula sawasawa. Alizungukia ile mikrofoni ya yai, akaifungua, akaifunga, akaongea nayo. Kisha asubuhi moja tukiwa na uji, akapiga kijiko mezani. "Ni impédance! Mi mujinga kabisa." Nikamwambia aseme Kiswahili. "Sikia. Hii micro ya kristali iko dhaifu. Inatoa kidogo tu, na inataka appareil, mashine yenye itaisikiliza bila kuinyonya. Ile ya Dubai, mulango yake iko na njaa. Inanyonya. Na micro ikinyonywa, cha kwanza kupotea ni sauti ya chini. Ya juu inapita, ya chini inakufia mulangoni. Halafu ile appareil inachukua kenye kalibaki, inakapandisha nguvu." Nikauliza kama hatuwezi kuzungusha vifundo tuongeze nguvu. "Utaongeza nini? Kitu hakikuingia. Tunatafuta ingine, yenye mulango ya uvumilivu. Hata kama haina nguvu." Kwa hiyo ndivyo nilivyoelewa impidansi, na sijawahi kuhitaji maelezo mengine: anayepokea asiwe na njaa kuliko anayetoa. Kavugho alikumbuka kwamba Beni alikuwapo mzee aliyekuwa akionyesha sinema zamani, na nyumba yake imejaa vyombo vya enzi hizo. Tulichokosa ni gari, na mwenye gari la kwenda Beni alikuwa Papa Kambale.

Kumwambia mtu kwamba zawadi yake ndiyo iliyoiua sauti ya mtu si jambo la kukurupuka. Nilienda kwake nikiwa nimevaa vizuri, nikamkuta anakunywa chai ya maziwa, akaniwekea kikombe. Nilimweleza habari ya mama yote, na ya préampli nusu. Papa Kambale alikuwa mtu wa sauti kubwa na moyo mkubwa, na vyote viwili vilikaa karibu sana na hasira. "Mais ile yangu inapiga nguvu! Beni yote haina ya vile!" Nikasema ndiyo, Papa, inapiga nguvu sana. "Basi shida ni kuimba yenu." Nikainamia kikombe. Alikunywa chai, akaguna, akauliza mama yangu anaitwa nani. Mwishowe akasema anapeleka vitambaa Beni, na tukitaka tupande, ila tubebe na ile yake pia, ili huko Beni ionekane nani mkubwa.

Njia ile kila mtu aliiombea kabla ya kuipita, na sisi tuliiombea kwa madhehebu mawili. Kwenye kizuizi askari mmoja kijana alitia mkono kwenye mfuko wa Kavugho akatoa ile mikrofoni. "Oyo nini? Phonie?" Phonie ni redio ya mawasiliano, na mwenye nayo huhesabiwa mpelelezi. Kavugho akasema ni ya kuimbia Mungu. Askari akaigeuza, akaileta mdomoni, akaimba ndani yake wimbo wa dansi wa Kilingala, mstari mmoja, vizuri tu, wenzake wakamzomea, akairudisha. "Kendeni." Papa Kambale alitazama mbele tu mpaka tulipopita daraja. Kisha akasema yule kijana angefaa sauti ya tatu.

Beni kuna joto ukitoka Butembo, unavua koti kwanza ndipo unasalimia. Mzee Kasereka alitukaribisha kwenye sebule ambayo huwezi kujua viti viko wapi, kwa kuwa kila kiti kilikuwa kimekaliwa na mashine. Mkewe alitupa ndizi za kuchoma na kahawa ya shambani kwao, chungu na nzuri. Mzee alikuwa mcheshi, amevaa kofia ya pamba ndani ya nyumba, na alitupatia visanduku viwili achague Kavugho: kimoja kimetoka kwenye mashine ya sinema, kizito, chenye heshima, kingine kimetoka tumboni mwa gramafoni ya zamani, kibovu cha sura, kimeota kutu pembeni, chenye kifundo kimoja tu. Aliwasha groupe yake uani. Kavugho akasema tutarekodi maneno yaleyale kwa kila kisanduku, na Papa Kambale, ambaye hakuna aliyemwomba, akavuta kiti mbele ya mikrofoni akasali sala ndefu, mara ya kwanza kwa chombo chake, mara ya pili kwa cha sinema, mara ya tatu kwa cha gramafoni.

Kavugho akarudisha kaseti nyuma. Ikatoka sauti kubwa, kali, ya puani. Papa Kambale akageuka. "Huyu ni nani analia kama mbuzi?" Mke wa Mzee Kasereka akafunika mdomo kwa kitenge. "Ni weye, Papa," akasema Kavugho kwa adabu yote. Cha sinema kikatoa mbuzi mwenye mafua. Halafu cha gramafoni: sauti ya chini, polepole, haikuwa hata na nguvu, ilibidi tuinamie mashine, lakini alikuwamo Papa Kambale mzima, kifua chake, pumzi yake, na ile namna anavyovuta "amina" kama mtu anayefunga mlango wa stoo. Alijisikiliza mpaka mwisho. Mzee Kasereka akaeleza kwamba gramafoni ile nayo ilikuwa na sindano ya kristali, kwa hiyo waliokitengeneza kisanduku walikitengeneza kwa kitu dhaifu kama mikrofoni yetu. Kavugho akawa ameshakikumbatia. Wahenga wanasema debe tupu haliachi kuvuma, lakini sikulisema, Papa akiwa amekaa palepale.

Sasa bei. Mzee Kasereka hakutaka kitu chochote isipokuwa kile kisanduku cha Dubai. Alikuwa amezipenda taa. Alikohoa mbele yake, zikaruka, akacheka kama mtoto. Hakuna aliyecheka naye, kwa sababu chombo kile kilikuwa kimeombewa mbele ya kanisa zima, na Papa Kambale angerudi Butembo na kitu chenye kutu. Nilimtazama na sikuweza kumwomba. Niliogopa nikifungua mdomo nitalia tena. Yeye alikuwa akitazama kaseti. "Mama yako," akaniuliza, "alishasikia ile sauti ya kuku, na akasema ni ya mungine?" Nikasema ndiyo. "Hata mi ningekatala." Akasimama, akafuta vumbi kwenye kisanduku chake kwa leso yake, akamkabidhi Mzee Kasereka kwa mikono miwili. "Wasingya, asante, Mzee. Kanisani nitasema nilibaletea ya zamani kwa sababu bazungu ya zamani balikuwa na akili." Na ndivyo alivyosema, Jumapili iliyofuata, kutoka madhabahuni, na hakuna aliyethubutu kucheka isipokuwa Kavugho, ambaye hata hakuwa wa kanisa letu.

Tulirekodi upya. Kavugho alinisogeza karibu na mikrofoni, akawasogeza wengine nyuma, akaniwekea mkono begani mpaka sehemu yangu ilipokwisha. Siku ya wimbo kurushwa sikuweza kukaa chumbani. Nilienda kwenye shamba la rafiki huko Vuhovi, nje ya mji, nikapalilia maharage yasiyo yangu. Nikasikia wimbo ukitoka kwenye redio ya mtu wa shamba la pili, na ulipofika mahali pangu jirani yule akaongeza sauti. Baada ya hapo ikawa kungoja. Nilishona nguo vibaya nikazifumua. Kavugho alipika zamu yake na yangu bila kulalamika, jambo ambalo halikuwahi kutokea na halikutokea tena.

Mama Kahindo aliingia sokoni akiwa amechoka, matope mpaka magotini. Safari hii hakupanga vitunguu. Aliniona kwa mbali akaanza kucheka, na mimi nikaanza kukimbia, nikapita juu ya mboga za watu. Aliniambia mama alikuwa akichambua maharage uani kwa jirani, redio dirishani. Sauti zote ziliponyamaza na yangu ikaingia, akaacha maharage. Hakupiga kelele. Aliimba pamoja nami sehemu yote, chini kabisa, mpaka mwisho, kisha akasimama, akakung'uta kitenge, akaenda kuwadai majirani nguo zangu.

"Na alikupa neno?" nikauliza. "Hakusema kitu ya kuniambia?"

"Alisema." Mama Kahindo akajifuta machozi kwa mkono wenye udongo. "Alisema hivi: mwambie yule mutoto, kwa ubeti ya pili aliingia nyuma ya wengine."

Na kweli niliingia nyuma.